Disemba Unguja: Masahihisho ya Video Yangu

Disemba iliyopita niliposti video ya dakika moja nikiwa Unguja. Nimesimama ufukweni, jua linazama nyuma yangu, jahazi linapita kama limelipwa, na mimi naongea na simu kwa ujasiri wa mtu ambaye hajafungua kitabu tangu atoke chuo. Nilisema hivi: "Wasee, zamani huku hakukuwa na mipaka. Mombasa, Lamu, Unguja, sote tulikuwa kitu kimoja. Mzungu ndiye alikuja akatugawanya."

Ile video ilitembea kuliko kitu chochote nilichowahi kuposti. Mliipenda, mkaisambaza. Mpaka mjomba wangu, ambaye kila Krismasi huniuliza nitarudi chuo lini, alinitumia ujumbe wa kunipongeza.

Shida ni moja. Nusu ya nilichosema si kweli, na aliyenionyesha hivyo ni bibi mmoja aliyekuwa amekaa kibarazani anachambua mchele. Kwa hivyo hii posti ni masahihisho. Ni ndefu, chukua chai.

Tuanze na safari yenyewe. Tulikuwa wanne. Kulikuwa na Wakili, ambaye bado anasomea sheria lakini ashaanza kutoza watu pesa ya ushauri. Kapteni, mwenye kamera. Mama Bajeti, aliyeshika doh ya kila mtu kwa sababu sisi wengine hatuaminiki. Na mimi, niliyesomea historia mwaka mmoja na nusu kabla karo haijanishinda. Tulianza kuchanga Machi, kidogo kidogo kila wiki, na mpango ulikuwa Disemba hii twende nje. Si Diani tena. Nje kwenyewe, mahali unagongewa muhuri. Wa kwanza kutajwa ni Dubai, ikafa siku Mama Bajeti alipopiga hesabu. Ikabaki Zanzibar, na kwa njia ya barabara.

Tulipanda treni mpaka Mombasa, tukalala kwa binamu ya Kapteni, asubuhi tukapanda basi la kwenda Dar kupitia Lunga Lunga. Hapo mpakani ndipo historia ilianza kunisumbua. Mbele yangu kwenye foleni kulikuwa na mama mmoja amebeba kikapu, anaongea Kidigo na afisa wa upande huu. Alipovuka upande wa Horohoro, akaongea Kidigo kilekile na kijana wa boda boda wa kule. Dada yake ameolewa huko. Kwake yeye hakuwa anaenda nje. Alikuwa anaenda kumwona dada yake, na katikati kuna watu wenye mihuri.

Wadigo wako pande zote mbili, kutoka kusini ya Mombasa mpaka karibu na Tanga. Mstari uliowapasua ulichorwa Novemba 1886, Uingereza na Ujerumani walipokubaliana nani achukue wapi. Mstari ulianzia pwani, mdomo wa mto Umba, ukaenda mpaka Ziwa Viktoria, ukikunja kidogo kuzunguka Kilimanjaro ili mlima ubaki upande wa Mjerumani. Hakuna Mdigo aliyeulizwa. Hakuna Mmasai aliyeulizwa. Kwa hiyo ile sehemu ya video yangu kuhusu Mzungu na mipaka, hapo sijakosea. Ngoja tufike mbele.

Dar tuliingia tarehe 9 Disemba, na tulipata bendera kila mahali, kwa sababu hiyo ni siku ya uhuru wa Tanganyika, 1961. Kesho yake tukapanda boti ya kwenda Unguja. Tulilipa bei ya wageni. Mama Bajeti alijaribu kujitetea kwamba sisi ni Waafrika Mashariki, ndugu kabisa, damu moja. Mwenye kukata tiketi akamwangalia kwa upole, akamwambia, "Karibu sana dada yangu," kisha akachukua bei ya wageni.

Kule baharini upepo ulikuwa unatoka kaskazini, umetulia, jua kali. Baharia mmoja akatuambia huo ndio kaskazi, umeshaingia. Manze, hilo neno nililisoma chuo nikalisahau siku ya mtihani. Ni hivi: kuanzia karibu Disemba mpaka Machi, upepo unavuma kutoka upande wa Uarabuni na Bara Hindi kuja pwani yetu. Huo ni kaskazi. Kuanzia karibu Aprili unageuka, unavuma kutoka kusini kurudi kule. Huo ni kusi. Jahazi halina injini. Kwa hivyo kwa zaidi ya miaka elfu, watu walikuja huku na kaskazi, wakauza tende, nguo na vyombo, wakanunua pembe na boriti, wakangoja upepo ugeuke, wakarudi na kusi. Wengine hawakurudi. Walioa, wakajenga, wakazikwa hapa. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kuna msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita Mombasa na kufika Kilwa mwaka 1331 kwa upepo huohuo.

Yaani sisi tunafikiri kusafiri Disemba na marafiki ni kitu kilianza na simu. Disemba imekuwa msimu wa wageni pwani hii tangu kabla ya Nairobi kuwa hata kinamasi chenye jina. Hata leo wazungu waliojaa Nungwi wanakimbia baridi ya kwao mwezi uleule ambao upepo ulikuwa unaleta majahazi.

Tulipofika Mji Mkongwe tukaaibika dakika ya kwanza. Niliingia dukani nikasema, "Nipe maji baridi." Mwenye duka hakuchukua maji. Akasema, "Hujambo?" Nikasema sijambo. "Habari za safari?" Nzuri. "Karibu Unguja." Asante. Ndipo akaniuliza nataka nini, na nikajikuta nasema, "Naomba maji, tafadhali," kama mtoto wa darasa la pili. Wakili alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini kuna kitu hapo. Kile Kiswahili sanifu kilichotutesa shuleni kinatoka hapo hapo. Mwaka 1928 kulifanyika mkutano Mombasa kuamua lahaja gani itumike kama msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu Afrika Mashariki. Wengine walitaka Kimvita, cha Mombasa. Kikachukuliwa Kiunguja. Kwa hivyo mtoto wa Kisumu au Nyeri anayefeli insha leo anafeli kwa kipimo cha lugha ya watu wa kisiwa ambacho ramani inamwambia ni nchi ya nje.

Sasa unaona nilivyokuwa nimejaa. Wadigo, kaskazi, Kiswahili. Kila nilichogusa kilikuwa kinaniambia sisi ni kitu kimoja. Tarehe 12, siku ya Jamhuri, tulijifunga bendera ya Kenya, tukaenda ufukweni, nikawasha simu na kusema yale niliyosema.

Tulikuwa tumekodi vyumba viwili nyumbani kwa bibi mmoja upande wa Ng'ambo, mbali kidogo na hoteli. Jioni ile nilikuwa nimekaa kibarazani nahesabu watazamaji, naona namba zinapanda, natabasamu peke yangu. Akaniuliza nacheka nini. Nikamwonyesha video. Aliiangalia yote, akanirudishia simu, akaendelea na mchele wake. Kisha akasema:

"Mwanangu, mlikuwa kitu kimoja na nani?"

Nikaanza kueleza habari za majahazi na kaskazi. Akaniacha nimalize. Akasema, "Bibi yake mama yangu hakupanda jahazi. Alipakiwa."

Sikuwa na jibu. Alisema bibi huyo alitolewa huko Nyasa akiwa mtoto, akaletwa pwani kwa miguu, akavushwa usiku. Kwao hakupajua tena, wala jina lake la kwanza hakuna aliyelishika. "Wako waliokuja na upepo kwa hiari yao," akasema, "na wako walioletwa na upepo huohuo. Wewe umewaweka wote kwenye jahazi moja."

Kesho yake tulienda Mkunazini, kwenye kanisa la Waanglikana. Hapo ndipo palikuwa soko la watumwa. Lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash aliposaini mkataba kwa kubanwa na Waingereza, na Krismasi ya mwaka uleule wakaweka jiwe la msingi la kanisa. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu waliosimama wakiwa na minyororo shingoni. Kapteni alishusha kamera bila kuambiwa.

Hapo nikakumbuka mambo niliyoyasoma kweli na nikayaruka kwenye video kwa sababu hayakuwa na ladha. Ule umoja wa pwani niliousifu ulikuwa na mwenyewe. Seyyid Said wa Oman aliichukua Mombasa kutoka kwa Wamazrui mwaka 1837, akahamishia makao yake Unguja karibu mwaka 1840, na mashamba ya karafuu yakapanuka. Karafuu haijichumi. Kila mwaka maelfu ya watu waliletwa kutoka bara, wengine wakabaki mashambani Unguja na Pemba, wengine wakapelekwa mbali zaidi. Na Mkenya asijifanye haya ni ya kwa jirani. Mashamba ya nafaka ya Malindi ya karne ile yalilimwa na watumwa. Ukipanda matatu Mombasa konda akaita "Kengeleni, Kengeleni," unajua kengele gani? Ni kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Maana baada ya 1873 biashara haikuisha, ilienda kujificha, ndiyo maana bibi ya mtu alivushwa usiku. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907.

Kwa hivyo ndiyo, hakukuwa na muhuri Lunga Lunga. Lakini kulikuwa na mpaka mwingine, kati ya aliyepanda na aliyepakiwa, na huo haukuwa kwenye ramani yoyote ambayo Mzungu alichora.

Na sasa sehemu ambayo wengi wenu mliuliza: kweli Mombasa ilikuwa ya Zanzibar? Kwa karatasi, ndiyo. Yale mapatano ya 1886 yalimwachia Sultani ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 kutoka baharini. Disemba 1895 Waingereza wakaukodisha sehemu ya kwetu, wakawa wanamlipa Sultani kila mwaka. Kenya bara ikaja kuwa koloni, lakini ukanda ule ukabaki jina lake ni himaya, na bendera nyekundu ya Sultani ikaendelea kupepea Fort Jesus. Uhuru ulipokaribia, kulikuwa na vuguvugu la Mwambao, watu wa pwani waliotaka ukanda ujitenge au urudi kwa Sultani. Wengine hukohuko pwani walikataa kabisa, hasa wale ambao babu zao walijua utawala ule kutoka chini. Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, wakaandikiana barua, ikakubaliwa: ukanda utaingia Kenya, na mahakama za Kadhi zitabaki.

Sasa angalia kalenda ya Disemba ile. Tarehe 10, Zanzibar inapata uhuru, Sultani Jamshid juu ya kiti. Tarehe 12, Kenya inapata uhuru, na maili 10 zinakuwa Kenya siku hiyo hiyo. Tarehe 16, nchi zote mbili zinaingia Umoja wa Mataifa kwa siku moja, kama mapacha.

Siku tuliyofika Unguja ilikuwa tarehe 10. Wakili alikuwa amelisoma hilo kwenye simu, akashangaa mbona hakuna bendera hata moja. Akamuuliza bibi, "Shikamoo bibi, leo si siku ya uhuru?" Bibi alicheka tu. "Marahaba mwanangu. Uhuru wa nani?" Wakati ule hatukuelewa. Wanaosherehekewa kule ni tarehe 12 Januari, siku ya Mapinduzi, mwezi mmoja kamili baada ya siku yetu ya uhuru. Chama cha Karume kilikuwa kimepata kura nyingi kwa jumla katika uchaguzi wa 1963 lakini si viti vya kutosha, na watu wengi weusi wa kisiwa waliona wamepewa uhuru wa wenye mashamba. Usiku ule serikali ikaangushwa. Aliyejitangaza Field Marshal ni John Okello, Mganda aliyewahi kufanya vibarua Kenya, umri wake wa miaka ishirini na kitu, rika letu. Ndani ya miezi michache naye akazuiwa kurudi kisiwani. Maelfu ya watu waliuawa, wengi wao Waarabu, na wengine wakakimbia. Jamshid alitoka kwa boti. Alitaka kushuka Mombasa, mji ambao mwezi mmoja kabla ulikuwa na bendera yake, Kenya ikamkatalia. Aliishia Uingereza, akaishi huko miongo, akarudi Oman mwaka 2020, akafa Disemba 2024.

Nilimuuliza bibi kuhusu usiku ule. Alikuwa msichana wa miaka 11. Alidhani nitaanza tena kurekodi, nikaweka simu chini. Akaniambia kulikuwa na jirani Mwarabu mwenye duka, akimkopesha mama yake unga na sukari mwezi ukiwa mrefu. Asubuhi ile duka lilikuwa wazi na mwenyewe hayupo. Hawakumwona tena.

"Bendera yao sikuililia," akasema. "Lakini unga wake nimeula."

Nimeikumbuka hiyo kauli kuliko chochote kwenye safari. Ingekuwa ni mimi ningechagua upande mmoja, nikapata wafuasi. Yeye amebeba yote mawili miaka sitini na hajaangusha hata moja.

Tulirudi nyumbani kabla ya Krismasi, tumeishiwa kabisa, Mama Bajeti akiwa hataki kuongea na mtu. Kwa sherehe ya familia nikakutana na mjomba. Nikajua swali linakuja, nikaliwahi. Nikamuuliza kama anakumbuka mpaka wa Tanzania ulipofungwa. Maana hii pia sikuisema kwenye video: kufunga mpaka si kazi ya Mzungu peke yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na kuanzia Februari mwaka huo mpaka Novemba 1983 Tanzania na Kenya hazikuwa na mpaka wazi kati yao. Serikali zetu wenyewe, za ndugu wa damu moja, ziligombana kuhusu ndege, reli na pesa, watu wa kawaida wakafungiwa pande zao. Yule mama wa kikapu, kama angekuwa kijana wakati ule, angeenda kumwona dada yake kwa njia za panya.

Mjomba alinyamaza. Kisha akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwenye familia yetu. Babu alikuwa dereva wa lori, Nairobi kwenda Arusha. Mpaka ulipofungwa alikosa kazi, na ndiyo sababu mjomba alikaa nyumbani mwaka mzima bila kwenda shule, akiwa na miaka minane. Nilikuwa nimemwona maisha yangu yote kama mtu wa kunipigia kelele kuhusu chuo. Kumbe yeye anajua mwaka mmoja nje ya darasa unafananaje.

Tuliongea karibu nusu saa. Mwishowe aliuliza tu nitarudi lini. Lakini safari hii nilimjibu vizuri.

Ile video sijaifuta. Nimeandika juu yake kwamba ina makosa na nimeweka haya maneno chini. Mkiisambaza, sambazeni na hii. Na ukienda Zanzibar Disemba ijayo na mbogi yako, nenda, ni kuzuri, pweza wa Forodhani anastahili kila shilingi. Kabla hujasema mbele ya kamera kwamba zamani sote tulikuwa kitu kimoja, tafuta mtu mzima mmoja wa pale, msalimie vizuri, muulize watu wake walifikaje. Kisha rudi nyumbani umuulize wako.